Mlio wa tahadhari: wasomaji wanauliza

Barua nyingi za safari hii zinahusu ule mlio mkali unaotoka kwenye simu siku serikali inapojaribu mfumo wake wa tahadhari za dharura. Tumechagua tano.

*Simu yangu ililia, ya mke wangu aliyeketi kando yangu ikanyamaza. Je, simu yake ni mbovu?*

Si lazima. Tahadhari hii si ujumbe mfupi wa kawaida. Ujumbe mfupi hutumwa kwa namba moja moja, ndiyo maana mtandao ukielemewa unachelewa. Tahadhari hurushwa na mnara kama redio inavyorusha matangazo, na kila simu inayoshika mnara huo hunasa bila mnara kujua ni ya nani. Wanaoogopa kwamba serikali inakusanya namba zao kwa njia hii watulie: mnara unasema tu, hausikilizi.

Anzeni na mambo mepesi. Je, simu ilikuwa imezimwa au iko katika hali ya ndegeni? Je, ilikuwa kwenye Wi-Fi tu huku laini haishiki? Kisha angalieni aina ya mtandao. Uingereza, kwa mfano, hurusha tahadhari kwenye 4G na 5G pekee, hivyo simu iliyoshuka hadi 2G au 3G haipati kitu. Kama laini zenu ni za kampuni mbili tofauti, huenda kasoro iko upande wa kampuni. Katika jaribio la kitaifa la nchi hiyohiyo, tarehe 23 Aprili 2023, wateja wengi wa kampuni moja hawakusikia chochote.

Mwisho fungueni mipangilio na mtafute neno "dharura". Mtakuta swichi kadhaa, na ile ya majaribio mara nyingi hutoka kiwandani ikiwa imezimwa. Kwa hiyo simu inaweza kukosa jaribio na bado ikapokea tahadhari ya kweli. Sasisheni pia mfumo endeshi wa simu. Yote yakiwa sawa na simu bado ikanyamaza, pelekeni taarifa kwa mamlaka: aina ya simu, kampuni ya laini, mahali na saa. Jaribio linafanywa ili taarifa kama hiyo ipatikane.

*Kwa nini watutie hofu sote? Si wangejaribu ofisini kwao, kimyakimya?*

Ofisini hujaribiwa mara nyingi. Tatizo ni kwamba makosa makubwa hujificha pale ambapo kazi hutoka mkono mmoja kwenda mwingine: mtaalamu wa hali ya hewa anampa habari afisa wa maafa, afisa anaandika, mkubwa wake anaidhinisha, mitambo inagawa kwa kampuni za simu, minara inarusha, simu inatafsiri. Kila mmoja akijaribu kipande chake peke yake, vyote vitafaulu, na bado mnyororo ukakatika siku ya siku.

Ujerumani iliona hilo tarehe 10 Septemba 2020. Tahadhari moja ya kitaifa ilipangwa kutoka saa tano kamili asubuhi. Vituo vingi vya mikoa navyo vikatuma za kwao dakika hiyohiyo, mfumo ukaelemewa, na kwenye simu za watu ujumbe ukafika takriban nusu saa baadaye. Wakati huo nchi hiyo ilitegemea programu ambazo mtu huzipakua mwenyewe. Tahadhari za minara zilianza kazi rasmi Februari 2023.

Hawaii ilipata somo la upande wa pili. Tarehe 13 Januari 2018, wakati wa zoezi la ndani, mfanyakazi mmoja alirusha tahadhari halisi ya kombora, kwa sababu rekodi ya zoezi ilikuwa na maneno "hili si zoezi". Mfumo haukudai mtu wa pili athibitishe. Ujumbe wa kufuta haukuwa umeandaliwa, hivyo simu zilipata sahihisho baada ya dakika 38. Mfumo mzuri una funguo za watu wawili, na kila tahadhari ina ujumbe wa kufuta ulioandikwa mapema, unasubiri kubonyezwa. Ukipata nafasi ya kumuuliza afisa wa maafa swali moja tu, muulize kuhusu ujumbe huo wa kufuta.

*Nina simu ambayo mtu ninayeishi naye hapaswi kujua. Nifanye nini siku ya jaribio?*

Dada, usitegemee kuiweka kimya, kwa sababu mlio huu unapita hata sauti ikiwa imezimwa. Unaweza kuzima swichi zote za tahadhari kwenye mipangilio, lakini katika baadhi ya nchi ile ya daraja la juu haizimiki. Njia salama ni kuizima simu yenyewe kabisa kabla ya saa iliyotangazwa. Usiiwashe mara tu saa inapopita: mnara huendelea kurudia ujumbe kwa muda, na simu inayowashwa katikati ya muda huo hulia papo hapo. Katika jaribio la Marekani la tarehe 4 Oktoba 2023 minara ilirusha kwa takriban nusu saa. Subiri saa kadhaa, kisha uiwashe ukiwa peke yako.

Kwa wanaopanga majaribio: tangazeni siku na saa mapema, tena kwa redio, kwa sababu ya wasomaji kama huyu.

*Tahadhari ya kweli ikija, nianze na nini?*

Soma hadi mwisho. Ujumbe ulioandikwa vizuri una mambo matano: nani anausema, hatari gani, wapi, hadi lini, na ufanye nini. Ni kawaida ya binadamu kutafuta uthibitisho kabla ya kuondoka, na hapo ndipo dakika za thamani hupotelea. Angalia chanzo kimoja tu, redio au dirishani, kisha fanya ulichoambiwa. Usipige simu kuuliza, andika ujumbe mfupi. Ukiwa unaendesha gari, usiguse simu mpaka usimame mahali salama. Ujumbe ukikutaka nambari ya siri au malipo, ni wa matapeli.

*Mlio ukifaulu, je, tuseme serikali iko tayari kwa maafa?*

Hapana. Mlio ni robo ya kazi. Robo tatu nyingine ni kujua nani anaishi penye hatari, kuiona hatari ikija, na watu kuwa na pa kwenda. Kimbunga cha mwaka 1970 kiliua watu wasiopungua laki tatu katika nchi ambayo leo ni Bangladesh. Kuanzia mwaka 1972 nchi hiyo ilijenga jeshi la wahudumu wa kujitolea wenye bendera na vipaza sauti, na baadaye majengo mengi ya kukimbilia. Kimbunga Sidr cha mwaka 2007 kiliua watu wapatao 3,400. Ni msiba mkubwa bado, lakini tofauti hiyo haikuletwa na simu.

Basi uliza: jengo la kukimbilia liko wapi, ufunguo anao nani usiku, mtu asiyeweza kutembea anabebwa na nani, kiziwi anaambiwaje, na betri za minara zinadumu saa ngapi umeme ukikatika? Na king'ora cha eneo lako kina maana gani? Kwingine king'ora humaanisha ingia ndani na ufunge madirisha. Penye hatari ya tsunami humaanisha toka ndani upesi ukimbilie mlimani.