Mbavu za Nguruwe Zilizogoma Kulainika

SWALI: Ndugu mhariri, nimenunua chungu cha umeme cha kupikia polepole, na kwa hamu niliyokuwa nayo nikaanza na mbavu za nguruwe. Nilizifunika kwa maji, nikaweka moto mdogo, nikawa nafungua kifuniko mara kwa mara kuzitazama, na baada ya saa nne nikazipakua. Zilikuwa ngumu, zimepauka, na mchuzi wake hauna ladha. Je, niliziivisha kupita kiasi?

JIBU: La, ulizitoa mapema mno. Nyama ya nguruwe iliyofikia 63°C kwa ndani, kisha ikapumzishwa dakika tatu, ni salama kuliwa, lakini mbavu za kiwango hicho hutafunika kama mpira, kwa kuwa zimejaa kolajeni, yaani zile nyuzi ngumu zinazoishikilia nyama. Kolajeni hugeuka jelatini taratibu, hasa joto la nyama likishapita 70°C, na mbavu hulainika barabara zikikaribia 90°C hadi 95°C. Kwa moto mdogo, zipe saa sita hadi nane, na kifuniko kisiguswe: kila ukikiinua, joto hutoka, na chungu huhitaji dakika 20 au zaidi kulirudisha.

Maji nayo ndiyo yaliyoiba ladha. Katika chungu hiki mvuke hautoki, na mbavu zenyewe huachia maji mengi, hivyo nusu kikombe cha juisi ya tufaha yenye kijiko kimoja cha siki kinatosha kabisa. Usizilaze zikarundikana, zisimamishe kuzunguka chungu, upande wenye nyama ukielekea ukutani, ambako joto hutokea.

Kabla ya yote hayo, ondoa utando. Geuza mbavu upande wa mifupa uwe juu, nawe utaona ngozi nyembamba inayong'aa. Penyeza mpini wa kijiko chini yake kwenye mfupa wa mwisho, uinue kidogo, kisha uukamate kwa karatasi ya jikoni, maana kwa vidole vitupu huteleza kama samaki, na uuvute polepole. Ukibahatika hutoka wote kwa mara moja. Ukikatika, anza upya pembeni. Ndipo upake chumvi, pilipili manga, paprika, kitunguu saumu cha unga na sukari ya kahawia kidogo, na ikiwezekana uzilaze kwenye friji usiku kucha.

Kuhusu kupauka, chungu hakina kosa. Nyama hupata rangi na harufu ya kuchomwa kwenye joto la takriban 140°C na kuendelea, ilhali penye unyevu joto halivuki 100°C. Kwa hiyo zikishaiva, zitoe kwa miko miwili kwa sababu hukatika kwa urahisi, zipange kwenye trei, zipake sosi, uziweke chini ya moto wa juu wa oveni kwa dakika tatu hadi tano. Usiondoke hapo, kwani sosi yenye sukari huungua ghafla. Majimaji yaliyobaki yaengue mafuta, uyachemshe kwenye sufuria hadi yawe mazito, na utakuwa na mchuzi ambao safari iliyopita uliukosa.

Zimeiva pale uma unapopenya katikati ya mifupa bila kukwama. Wapo wanaosubiri hadi mfupa uchomoke wenyewe; kwangu mimi hizo zimepitiliza, kwani napenda nyama iachie pale tu ninapoing'ata.

SWALI: Naweza kuziweka chunguni zikiwa bado zimeganda barafu?

JIBU: Usifanye hivyo. Chungu hiki hupasha joto polepole, na nyama iliyoganda itakaa saa nyingi kati ya 4°C na 60°C, kiwango ambacho bakteria huzaliana kwa kasi. Ziyeyushe kwenye friji tangu siku iliyotangulia.