Umepata nafasi ya kuwasilisha utafiti wako wa bahari? Anzia Feri

“Shikamoo dada. Ikisiri yangu imekubaliwa, nitawasilisha kwenye kongamano la utafiti la wanafunzi pale Mlimani mwezi ujao. Nimefanya plastiki kwenye matumbo ya dagaa. Naogopa maswali ya majaji mpaka silali. Nipe hata mbinu mbili.”

Marahaba mdogo wangu, na hongera. Jumbe za namna hii zimekuwa nyingi tangu nilipopandisha ile picha yangu nikiwa na beji ya jaji shingoni (ndiyo, niliipandisha makusudi, na kitenge kilikuwa kipya). Wengi wenu mko mwaka wa tatu, mnasoma sayansi za bahari au uvuvi, na mnachokitaka nakijua kwa sababu nami nilikitaka: watu wasimame mbele ya bango lako, wakuelewe, mmoja wao aseme ana nafasi ya uzamili, na mama apate picha ya cheti ya kuweka status. Basi namjibu binti huyu hapa hapa, wote mfaidi.

Mbinu ninayo moja, siyo mbili. Nenda ulikotoa sampuli zako. Rudi, kaa, uliza. Lakini najua nikiishia hapo hutanisikia, kwa hiyo vumilia nikupe kisa.

Mimi nilifanya tasi. Kitaalamu ni Siganus sutor, samaki wa upande huu wa magharibi wa Bahari ya Hindi, mla mwani na majani ya bahari, na Dar nzima inamla. Nilitaka kujua tasi wanaouzwa soko la Feri wana urefu gani, na kama wanavuliwa wakiwa wameshakomaa. Swali dogo, halina mbwembwe, halihitaji setilaiti. Tatizo lilikuwa hela. Kujua samaki amekomaa lazima apasuliwe uone mayai, na kumpasua lazima awe wako. Boom, zile hela za mkopo wa chuo, lilikuwa likitoka linaishia kwenye madeni ya mama ntilie.

Nilichobuni ndicho ninachojivunia mpaka leo. Pale Feri kuna vijana wanaopara samaki. Mteja akishanunua mnadani anawapelekea, wanamsafishia, anaondoka. Nikaomba kigoda pembeni yao. Samaki akija, namlaza kwenye ubao wangu wa kupimia, pua imegusa sifuri, nasoma pale mkia unapogawanyika, kisha nampitisha kwa kijana. Yeye anapara, anapasua, na badala ya kutupa vya tumboni kwenye ndoo ananiwekea kwenye sahani. Mayai yaliyokomaa huwezi kuyakosa: ya manjano, yamejaa tumbo zima, punje zake unaziona kwa macho. Machanga ni vijifuko vyembamba tu, unaweza kuvipita usivione. Naandika, kisha mwenye samaki anarudishiwa mayai yake, maana wapo wanaoyapenda kuliko mnofu. Sampuli za bure, mdogo wangu, na msimamizi wangu hakuamini mpaka alipokuja kuona.

Bure, ila miiba. Tasi ana miiba 13 mgongoni, 7 nyuma ya tumbo, na mingine kwenye mapezi ya chini, na yote ina sumu. Asubuhi moja mmoja alinipindukia mkononi, mwiba ukazama kwenye kidole gumba. Usiombe. Maumivu yalipanda mpaka kwapani, nikalia mbele ya wachuuzi bila aibu. Mzee mmoja wa madema (mitego ya samaki ya kusuka kwa fito) kutoka Kunduchi, aliyekuja kudai fedha zake kwa dalali, akaagiza beseni la maji ya moto, moto wa kuvumilika, akanizamisha mkono humo. Sumu ile ni protini, na joto huiharibu. Mimi nilikuja kulisoma hilo kwenye makala, yeye alikuwa analifanya tangu ujana wake.

Tukiwa pale, mkono wangu kwenye beseni, akachungulia daftari.

“Mwanangu, mbona hujaandika mwezi umefikia wapi?”

Nikamwambia tarehe zipo, baba.

“Tarehe za nini? Tasi hasomi kalenda. Wenye mayai wanakuja kwa makundi mbalamwezi ikikaribia. Sisi tunajua, ndiyo maana madema yanashuka siku zile.”

Kuanzia siku hiyo daftari langu likawa na safu ya mwezi. Mwandamo, nusu, mpevu. Na takwimu zilipokaa kwenye grafu, mayai yaliyokomaa yalinyanyuka pale pale alipotaja mzee.

Nikaenda kwenye kongamano langu la kwanza nimejaa. Nimevaa blauzi ya kuazima, bango limekunjwa kwenye bomba la plastiki, nimelibana kwapani ndani ya daladala ya kutoka Mwenge huku konda akinitoza siti mbili. Maprofesa, wafadhili, wanafunzi wa vyuo vingine. Jaji mmoja akafika mbele ya bango langu, akasoma harakaharaka, kidole kikaishia kwenye safu ya mwezi.

“Hii nayo ni sayansi au unajimu?”

Waliokuwa nyuma yake wakacheka. Nikaanza kujibu kwamba nimezungumza na wavuvi, akauliza wavuvi hao wamechapisha wapi. Wakacheka tena. Muda ukaisha, akasogea kwa jirani yangu. Zawadi ya kwanza ikaenda kwa ramani ya mikoko, nzuri kweli, kijani kibichi na kijani kilichokolea, ya mtu ambaye tope la mikoko halijawahi kumgusa kiatu. Simtaji jaji, simtaji chuo. Nimeshasamehe. Rangi ya koti lake bado naikumbuka.

Muda mrefu baadaye, nikitafuta jambo jingine kabisa, nikakutana na kazi za watafiti wa Ushelisheli. Tasi wa kule, spishi ile ile, hukusanyika kutaga wakati wa mwezi mpevu. Niliuchapa ukurasa wa kwanza nikaubandika ukutani juu ya kitanda. Nyinyi mnaosema nina kisirani mko sahihi. Lakini leo ninayeshika kalamu ya alama ni mimi.

Haya, dagaa.

Dagaa wa pwani yetu anavuliwa usiku kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka, taa inapoteza nguvu, dagaa wanatawanyika, na boti nyingi zinapumzika. Sasa kama kwenye bango umeandika kwamba ulichukua sampuli kila wiki kwa mwezi mzima, mtu anayeijua pwani atakuuliza wiki ya mbalamwezi dagaa ulimtoa wapi. Alikuwa wa barafuni? Alikuwa ameshaanikwa? Dagaa aliyeanikwa mchangani ameokota na vya ufukweni, siyo vya baharini peke yake. Majibu ya maswali haya hayapo kwenye makala za nje unazopakua usiku. Yapo kwa mwenye boti. Nenda ukamuulize kabla ya kongamano, siyo baada.

Na nguo. Ulivaa nini maabara? Fulana ya poliesta inadondosha nyuzi, na nyuzi hizo chini ya hadubini huwezi kuzitofautisha kwa macho na zilizotoka tumboni mwa samaki. Natumaini uliweka sahani ya kioo yenye maji safi yaliyochujwa, wazi, pembeni yako muda wote unapasua, kisha ukahesabu kilichoangukia humo. Kama uliweka, idadi hiyo ionekane kwenye bango, tena kwa maandishi makubwa. Wanafunzi wengi wanaificha wakidhani inawaaibisha. Mimi nikiiona nastarehe, najua nazungumza na mtu. Kama hukuweka, bado una wiki kadhaa na dagaa hawajaisha Dar: pasua wengine wachache ukiwa na koti la pamba na sahani pembeni. Pia eleza kipande kidogo kabisa ulichoweza kukiona. Kila mtu anajua mikroplastiki ni vipande vya chini ya milimita 5. Wachache wanasema wao waliishia wapi kwenda chini, na hapo ndipo namba za watu wawili zinapogombana.

Halafu majira. Sampuli za masika, Mto Msimbazi ukiwa unasomba takataka za jiji na kuzimwaga baharini, siyo sawa na za kaskazi. Sema ni zipi. Na tafadhali usifungue wasilisho kwa marufuku ya mifuko ya plastiki ya Juni 2019. Kila anayefanya plastiki anafungua nayo, sisi majaji tunatazamana.

Kwenye ujaji wangu wa karibuni nilimuuliza kijana mmoja wa ramani za mikoko: ukisimama karibu na Daraja la Selander maji yakitoka, mti gani umechomoza vijiti vya kupumulia kwenye tope, mkoko au mchu? Akageuka kutazama slaidi yake. Ni mchu, na mizizi ile utaiona hata ukiwa ndani ya gari kwenye foleni. Mwingine alisema alizamia “karibu na Bongoyo.” Karibu ndani au karibu nje? Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini ni maeneo tengefu chini ya sheria ya hifadhi za bahari ya 1994, uvuvi hauruhusiwi humo. Ukilinganisha matumbawe ya ndani na ya nje bila kujua mpaka unapita wapi, umelinganisha nini? Alijibu kwamba nahodha ndiye aliyejua. Basi nahodha ndiye angesimama pale.

Na kulikuwa na binti aliyekuja na dema halisi. Alilileta kwa bajaji, likaning'inia nje nusu. Aliliweka chini ya bango lake, akawa anaonyesha mlango, tundu za ufito, samaki mdogo anatokea wapi na mkubwa anakwama wapi. Watu walimzunguka mpaka wa jirani wakanung'unika. Hata walinzi walikuja, wakaanza kubishana naye kuhusu ukubwa wa tundu, naye akawajibu wote kwa vipimo. Nilimpa alama zote nilizoruhusiwa kumpa. Majaji wenzangu mnisamehe, hata sikujaribu kujizuia.

Vijana, punguzeni kupenda rangi. Grafu ya kawaida uliyoifahamu inatosha. Mwaka 2017 mkutano wa kisayansi wa WIOMSA, chama cha wanasayansi wa bahari wa magharibi mwa Bahari ya Hindi, ulifanyika hapa hapa Dar, ukakusanya watafiti wa bahari wa kanda yote, na kilichonishangaza nilipozunguka ni watu wenye mvi kusimama mbele ya mabango yao wakieleza jinsi walivyohesabu samaki. Wale hawakuwa wanakimbilia hitimisho. Walikaa kwenye mbinu, kwa sababu ndipo mtu anapokubana. Nyinyi mnajaza nusu ya bango kwa utangulizi wa umuhimu wa bahari. Aliyekuja kwenye kongamano la bahari anajua bahari ni muhimu.

Habari za kuchapa sina nyingi. Chapa mapema, Kariakoo au Mwenge, saizi ya A0, hakikisha maandishi yanasomeka ukiwa umesimama mbali kidogo, na usiwaachie wenye mashine wakurekebishie chochote.

Kuhusu kuchekwa: inawezekana. Sitakudanganya kwamba majaji wote wamelelewa. Ukiulizwa swali la dharau, jibu na mahali na siku. “Nilikuwa Kunduchi, maji yalikuwa ya bamvua, boti zilirudi alfajiri, dagaa wote wa sampuli hii walitoka kwenye boti mbili.” Mtu anayekudharau hana cha kuweka mezani dhidi ya sentensi hiyo, kwa sababu yeye hakuwepo. Na ukijua kweli, hata sauti inatulia yenyewe. Ndiyo maana nasema nenda. Nimeshasema, narudia, nenda.

Na ukienda, waalike. Nazungumzia wenye boti, vijana wa kupara, mama anayeanika. Makongamano haya mengi yako wazi kwa wageni, ila hakuna anayewaambia. Nilipokuja kuwasilisha mara nyingine, nilimwalika yule mzee wa madema, akaja na mwenzake, wamevaa kanzu. Walilisoma bango langu kimya, wakapata kosa kwenye jina la mwamba mmoja, nikalisahihisha kwa kalamu pale pale mbele ya watu. Lakini makongamano yana utaratibu wake. Waombee ruhusa kwa kamati siku chache kabla, majina yao yafike getini, la sivyo mlinzi atawageuza. Nauli utoe wewe, kwenda na kurudi. Usiwaite asubuhi kwa ajili ya ratiba ya hotuba za ufunguzi; waite muda wa mabango, na uangalie jedwali la maji kwanza, kwa sababu siku maji yanapotoka saa za kazi hakuna mvuvi wa madema atakayekuja kukusikiliza, hata kama zawadi ni ya kwanza.