Kokoto za reli ndogo: kazi ni ya brashi, gundi inafuata tu

Nina reli ndogo, yaani njia ya treni za mfano zinazoendeshwa juu ya meza, na pointi ya kwanza niliyoizungushia kokoto iliganda kabisa. Kwa asiyejua, pointi ni pale njia moja inapogawanyika kuwa mbili, penye vile vipande viwili vyembamba vya reli vinavyosogea kulia au kushoto kuielekeza treni. Nilimaliza saa tano usiku, nikaisifu kazi yangu mwenyewe, nikazima taa. Asubuhi nikabonyeza swichi, mota ikanguruma chini ya meza, ndimi za pointi zikabaki zilipo. Gundi ilikuwa imepenya kwenye kitundu, ikashuka mpaka kwenye mkono wa mota, ikakaukia huko huko kama saruji.

Nitairudia pointi hiyo. Naitaja mapema kwa sababu wanaoanza huniuliza kuhusu gundi kabla ya kitu kingine: ni gundi gani, kiasi gani, inakauka lini. Nami nilianza hivyo hivyo. Lakini gundi haitengenezi chochote, inashika tu kile ilichokikuta. Ukiacha punje moja imekaa juu ya taruma, kile kipande kinacholala kukingama chini ya reli, itashikwa pale pale, na tangu siku hiyo jicho lako halitaona kitu kingine. Kazi yenyewe inafanyika kokoto zikiwa kavu, kwa brashi, wakati bado unaweza kufuta na kuanza upya bila hasara.

Tuanze na ukubwa wa kokoto, maana hapo ndipo wengi hukosea kabla hata ya kufungua mfuko. Kwenye reli ya kweli kokoto ni mawe yaliyopondwa, mengi yakiwa na upana wa milimita 30 hadi 50 au zaidi kidogo. Yanapondwa makusudi ili yawe na kona: kona hushikana, yakakamata mataruma yasiteleze, na bado maji ya mvua yakapita katikati. Mawe ya mviringo ya mtoni yangebingirika. Sasa piga hesabu. Katika skeli ya HO kila kitu kimepunguzwa mara 87, ndiyo maana reli zenye nafasi ya milimita 1435 huwa na nafasi ya milimita 16.5. Jiwe la milimita 50 linakuwa kama nusu milimita hivi. Katika skeli ya N, inayopunguza mara 160, jiwe hilo hilo linabaki milimita 0.3, karibu na vumbi. Kokoto nyingi zinazouzwa kwa ajili ya reli ndogo ni kubwa kuliko hapo, na zikiwa kubwa reli yako itaonekana imelazwa juu ya viazi. Ukisitasita kati ya saizi mbili, chukua ndogo.

Kuna zile za mawe halisi na kuna zile za maganda ya jozi yaliyosagwa. Za maganda ni nyepesi, na wepesi huo ndio ugomvi wangu nazo: ukizigusa na maji zinaelea, na mstari ulioupanga kwa saa nzima unasafiri. Mimi natumia mawe. Mchanga wa kujichotea pia unafaa, ilimradi uuoshe vizuri, uukaushe, uuchekeche, kisha upitishe sumaku juu yake mara kadhaa. Usiruke sumaku. Mchanga mwingi una chembe za chuma, na mota ya kichwa cha treni ina sumaku ndani yake. Chembe zikinaswa huko utamlaumu aliyekuuzia treni bure.

Kuhusu rangi nitasema machache. Njia kuu ya treni huwa na kokoto safi zaidi, za kijivu. Njia za kuegeshea mabehewa huwa chafu, na enzi za treni za mvuke nyingi zilimwagiwa majivu na masizi ya makaa, kwa hiyo huko tumia rangi iliyoiva na kokoto zisiwe nyingi, karibu zilingane na ardhi. Kitu kimoja cha kukumbuka: gundi ikikauka, kokoto huwa na rangi nzito kidogo kuliko zilivyokuwa mfukoni. Gundisha kokoto za kiganja kimoja kwenye kipande cha mbao, ziache usiku mzima, ndipo uamue.

Kabla ya kumwaga punje yoyote, endesha treni. Si mzunguko mmoja. Endesha kwa wiki kadhaa, treni ndefu, mbele na nyuma, polepole na kwa kasi. Kiungo kibovu cha reli, waya usiopitisha umeme, mahali ambapo gurudumu linaruka, vyote vitafutwe na virekebishwe sasa, kwa sababu ukishagundisha, kuing'oa reli ni adhabu. Wakati huo huo paka pande za reli rangi ya kahawia ya kutu, halafu futa juu yake kabla rangi haijakauka. Kupaka baada ya kokoto kunawezekana, lakini utajuta kila sentimita.

Haya, sasa tumwage. Chukua kikombe cha karatasi, kibane mdomo uwe kama wa birika, umwage kokoto kidogo katikati ya reli mbili. Kidogo kuliko unavyofikiri. Kuongeza ni rahisi. Kuziondoa zilizozidi ndiko kunakowafanya watu waache hobi hii. Kisha brashi laini na bapa, upana kama wa kidole gumba. Isukume kwa kulalia, usichimbe nayo, ukizipeleka kokoto kwenye nafasi kati ya taruma na taruma mpaka zikae chini kidogo ya uso wa mataruma. Halafu fanya jambo ambalo sikuambiwa na mtu, nililigundua kwa kuchoka: geuza brashi, ushike manyoya, na kwa mpini wake gonga juu ya reli taratibu, ngo ngo ngo, huku ukisogea. Punje zilizokwama juu ya mataruma zinarukaruka na kuangukia mahali pake zenyewe. Kugonga kwa dakika moja kunafanya kazi ya kibano ya nusu saa.

Nje ya reli panahitaji mteremko. Reli ya kweli hukaa juu ya tuta la kokoto lenye unene wa kama sentimita 30 chini ya taruma, ambao katika HO ni milimita tatu na nusu hivi. Ndiyo maana tunalaza ukanda wa sponji ngumu chini ya reli: ukingo wake ulioinama ndio unaokupa umbo la tuta, nawe unalifunika tu. Mwaga mstari mwembamba kando ya ncha za mataruma, pitisha brashi kwa mwelekeo mmoja, na uache ukingo wa chini unyooke. Ukingo uliopinda ndio unaosaliti kazi ya mwanafunzi hata kwa mtu asiyejua reli.

Kisha inamisha kichwa usawa wa meza, washa taa ya pembeni, utazame. Taa ya juu inaficha, ya pembeni inafichua kila punje. Angalia zaidi ubavu wa ndani wa reli, kwa sababu ukingo wa gurudumu unapita hapo, na punje moja iliyogandia inatosha kulinyanyua behewa. Sukuma behewa moja kwa mkono. Likipita bila kukwaruza, basi, nenda kachanganye gundi.

Mimi huchanganya sehemu 1 ya gundi nyeupe ya seremala na sehemu 2 za maji, pamoja na matone mawili matatu ya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Lakini gundi haiji kwanza. Kwanza ni maji. Tone la gundi likidondoka juu ya kokoto kavu halizami. Linajiviringa kama shanga, linakusanya punje kuzunguka mwili wake, na linakuachia shimo na uvimbe. Sabuni inayavunja maji yasijiviringe. Kwa hiyo jaza chupa ya kupulizia maji yenye sabuni kidogo, au spiriti isiyo na rangi iliyozimuliwa kwa maji (fungua madirisha, na pasiwe na moto karibu), upulizie kwa mbali, ukielekeza ukungu juu ili ushuke wenyewe kama umande. Ukipulizia moja kwa moja utazipeperusha. Pulizia mpaka kokoto zibadilike rangi zote, mpaka chini. Watu huloanisha juu tu, wakaona inatosha, kisha wanashangaa kokoto zinabanduka kama ukoko wa wali, juu pamegandana na chini ni mchanga mtupu.

Hapo ndipo gundi. Tumia bomba la sindano lisilo na sindano, au kibomba cha kudondoshea dawa. Weka tone katikati ya reli, uache livutwe lenyewe, sogea, weka lingine. Ukiona weupe umejaa mpaka kati ya kokoto, umefika. Usiogope weupe, ukikauka hauonekani. Fanya urefu wa mkono mmoja kwa siku, si zaidi, na kabla hujaondoka futa juu ya reli kwa kitambaa kibichi. Reli nyingi za siku hizi ni za aina iitwayo nikeli silva, ambayo licha ya jina haina fedha hata chembe, ni shaba, nikeli na zinki. Maji haya hayataipatia kutu. Za chuma zikaushe haraka.

Niseme ukweli kuhusu kelele. Gundi nyeupe ikikauka inakuwa ngumu, na inaunganisha reli na meza pembeni mwa ule ukanda wa sponji uliouweka ili kupunguza mlio. Treni itavuma zaidi kuliko jana. Mimi nimezoea, hata naipenda, lakini ukiishi na watu wanaolala mapema, tafuta gundi ya majimaji ya mpira, ambayo inabaki na unyumbufu.

Pointi sasa. Katika pointi mimi sitafuti uzuri. Kwenye lile taruma linalosogeza ndimi siweki kokoto kabisa, wala kwenye nafasi mbili zinazopakana nalo. Napaka rangi ya kijivu chini yake kabla ya kulaza reli, na kwa umbali wa jicho hakuna anayejua. Kitundu cha mkono wa mota nakiziba kwa utepe wa karatasi kutoka chini. Sehemu nyingine za pointi naweka punje chache, tone la gundi moja moja, kamwe si kwa kumwagilia. Na tangu yale ya usiku ule, naigeuza pointi kila baada ya robo saa mpaka nitakapokwenda kulala, na tena nikiamka.

Acha kazi ikauke siku nzima bila kuigusa kwa kidole. Kesho yake pitisha mashine ya kufyonza vumbi iliyovishwa soksi nyembamba mdomoni. Punje ambazo hazikushika zitabaki kwenye soksi na utazirudisha mfukoni. Mahali patakapobaki na upara, rudia: kokoto, brashi, maji, gundi. Mwisho sugua juu ya reli kwa kitambaa chenye spiriti, la sivyo treni itakuwa inashtuka shtuka na utadhani umekata waya.

Na ile pointi? Gundi nyeupe ya kawaida hulainika kwa maji ya moto, tofauti na zile za mbao zisizoingia maji, kwa hiyo kama umebakiwa na zile, ziache kwenye samani. Nililaza vitambaa vilivyolowa maji ya moto juu yake, nikabadilisha kila vilipopoa, mpaka gundi ikarudi kuwa nyeupe kama maziwa na kisu bapa kikaingia chini. Ilinichukua jioni mbili. Mota niliifungua nikaisafisha kwa mswaki wa zamani. Kokoto nilizisuuza nikazianika kwenye gazeti, na leo ziko kwenye njia ya kuegeshea, ile chafu ya nyuma, chini ya behewa la makaa lisilo na gurudumu moja.