Nina usonji: je, nimweleze meneja wangu?

SWALI: Bi Mshauri, shikamoo. Mimi ni kijana wa miaka 29, mtunza stoo katika hoteli moja ya ufuoni hapa Malindi. Mwaka juzi daktari alithibitisha kwamba nina usonji. Hesabu za stoo hazijanishinda hata siku moja, lakini meneja hunipa maagizo matatu kwa mkupuo tukiwa jikoni, majiko yakivuma na sufuria zikigongana, nami nikifika mlangoni nimebaki na moja. Kwa kuwa sitazami watu machoni na salamu zangu ni fupi, wenzangu husema nina kiburi, na juzi nimepewa barua ya onyo. Je, nimweleze hali yangu, au nitakuwa nimejitia kitanzi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Lililoniuma zaidi katika barua yako ni hilo neno kiburi. Sisi watu wa pwani salamu zetu ni ndefu, twaulizana habari za nyumbani, za watoto na za kazi, na anayejibu "salama" akapita twamhesabu kuwa ametudharau, bila ya kujiuliza kama huko kutazamana machoni kunamchosha mwenzetu hata kumpotezea alichokuwa akikihesabu. Usonji si utovu wa adabu; mtu huzaliwa nao, nao ni namna ubongo wake unavyopokea sauti, mwanga na maneno.

Mweleze, lakini kwa maandishi, kwa sababu mwajiri asiyejua hali yako atasema hakuwa na la kurekebisha. Ijibu ile barua ya onyo, uanze na kazi yenyewe: omba maagizo ya siku yaandikwe katika daftari la stoo kabla ya zamu, na yakibadilika uambiwe nje ya jikoni. Kisha taja usonji, uambatanishe cheti cha daktari, na ubaki na nakala iliyotiwa sahihi ya kupokelewa. Daftari halitaigharimu hoteli kitu cha kutaja.

Huombi hisani. Kifungu cha 27 cha Katiba ya 2010 kinakataza ubaguzi kwa sababu ya ulemavu, na kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamkataza mwajiri kumbagua mfanyakazi kwa sababu hiyo, iwe katika mafunzo, kupandishwa cheo au kuachishwa kazi. Kama hujasajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, nenda ukafanyiwe tathmini katika hospitali ya serikali. Wengi huona haya kuchukua kadi ya usajili wa Baraza hilo, nami nasikitika kila nisikiapo hivyo, kwani ndiyo itakayokusemea siku utakapohitaji ushahidi. Meneja akikataa, mwendee afisa wa leba, na ikibidi, Mahakama ya Ajira na Leba inasikiliza kesi papo hapo Malindi.

Wenzako wote si lazima uwaeleze. Chagua mmoja unayemwamini, pengine mpishi unayempimia unga kila asubuhi, umwambie kwa nini salamu yako ni fupi. Barua ya meneja, hata hivyo, iandike wiki hii, kabla onyo la kwanza halijafuatwa na la pili.