Mameneja wangu wafundishwe Python ama nini?

Swali: Nashughulikia mafunzo ya wafanyakazi kwa kampuni ya kuuza bidhaa kwa jumla hapa Kisumu. Bosi amesema mameneja wote wafundishwe sayansi ya data na hii mambo ya data kubwa, siku mbili tu. Wengi wao Excel wanajua ya kujumlisha basi. Nianze na Python, ile lugha ya kuandikia programu za kompyuta? Na Hadoop tutahitaji?

Jibu: Hapana dada, Python wacha kwanza. Siku mbili meneja wa mauzo atakuwa bado anapambana na kuinstoli na hakuna kitu ataenda nayo ofisini. Kazi yake si kutengeneza modeli, yaani programu inayokisia mambo kutoka kwa data, kazi yake ni kuambiwa na mtu wa IT "modeli yetu iko sawa asilimia 93" na ajue swali la kuuliza hapo.

Siku ya kwanza yote ningeiweka kwa zoezi moja, na msikimbie. Chukua mkopo wa bidhaa, manake najua nyinyi mnapea maduka ya Kondele na Ahero mali wanalipa baadaye. Tuseme wateja ni 1,000 na 50 kati yao watahepa deni. Modeli inanyooshea kidole wateja 80, na ukifuatilia unapata 30 ndio wahepaji kweli, 50 ni watu wazuri wamesingiziwa. Kumaanisha pia kuna wahepaji 20 imewaacha wakapita. Makosa jumla 70, so iko sawa asilimia 93. Sasa waulize, na mtu ambaye anasema tu "wote watalipa" bila kuangalia chochote, yeye je? Huyo anakosea 50 peke yake, ako asilimia 95! Hapo nyamaza kidogo uwaache wabishane, usiwape jibu haraka.

Wakishachoka kubishana leta pesa. Sema kila mhepaji anakula 20,000, na kila mteja mzuri mkimnyima mali mnakosa faida ya 3,000. Modeli imeokoa 30 mara 20,000, hiyo ni 600,000, imepoteza 50 mara 3,000, hiyo ni 150,000, imebaki 450,000 mkononi. Yule wa asilimia 95 hajaokoa hata shilingi. Halafu mwambie meneja wa fedha abadilishe hizo bei mwenyewe kwa Excel, aweke faida ya mteja mzuri 15,000 aone modeli ikigeuka hasara, 150,000 chini. Hiyo Excel ya kujumlisha inatosha kabisa.

Data kubwa ipe saa moja hivi. Waonyeshe ya Google, walianza 2008 kukisia homa ya mafua Marekani kwa kuangalia watu wanatafuta nini kwa intaneti, data ya kufa mtu, na msimu wa 2012 kuingia 2013 makisio yakaruka karibu mara mbili ya ripoti za madaktari, 2015 wakafunga. Sababu moja watu walisema ni kwamba habari za mafua zikijaa kwa TV hata mzima anagoogle. Meneja yeyote aliyewahi kuona mauzo yakipanda juu ya tangazo ataelewa hiyo.

Hadoop ni programu ya kugawia kompyuta nyingi kazi, ni ya data ambayo mashine moja imeshindwa kubeba. Shiti moja ya Excel inaishia mistari 1,048,576, na hata mkipita hapo kuna hifadhidata za kawaida kama PostgreSQL, za bure, zinabeba hiyo bila kutoa jasho. Kwa duka la jumla sioni mkifika huko karibuni.

Siku ya pili tumia data yenu wenyewe, lakini toa majina na namba za simu za wateja kabla ya kuweka kwa projekta, kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 na pia si adabu. Na jiandae, mtapata "Baraka Shop Kondele", "BARAKA KONDELE" na "Baraka shp" na ni duka moja, deni limegawanywa mara tatu kila moja inaonekana ndogo. Usisafishe mapema, waache waione. Kama bosi ametenga pesa za seva, mwombe kwanza aajiri mtu miezi michache ampe kila mteja namba yake moja ili majina kama hayo ya Baraka yaungane, na yule meneja atakayekuja kukuuliza hii kazi inafanywaje haraka ndiye umpeleke Python.