Kiyoyozi Kikidondosha Maji Ndani, Usikimbilie Gesi

Msimu wa joto uliopita kiyoyozi cha duka langu la ushonaji, hapa Ngamiani, Tanga, kiliniloweshea gauni la harusi lililokuwa limebaki kutiwa shanga tu. Fundi wa kwanza alikitazama dakika mbili, akasema gesi imepungua, akajaza, nikamlipa. Siku ya nne maji yakarudi palepale.

Nikamwita mzee mmoja wa Makorora. Hakufungua hata mkoba wake. "Mwanangu, kwanza tuyafuate maji yanakokwenda."

Hewa ya Tanga ina unyevu mwingi. Ikipita kwenye koili ya baridi, yale mabomba membamba yaliyo ndani ya kiyoyozi, mvuke wake hugeuka matone, kama chupa ya soda inavyotoka jasho ukiitoa kwenye friji. Matone hushukia kwenye trei, kisha hutoka nje kwa mpira. Viyoyozi vingi vya ukutani havina pampu ya kuyasukuma. Maji hushuka yenyewe, kwa hiyo mpira ukiziba au ukipanda mahali, yanarudi ndani.

Mzee alizima umeme kwenye swichi kuu, akatoa filta, akamimina maji taratibu kwenye trei. Nje hakikutoka kitu. Tukaufuata mpira mpaka mwisho: mdomo wake ulikuwa umezama kwenye ndoo niliyoitega mwenyewe ili nipate maji ya kupigia deki. Hewa haikuwa na pa kutokea, na ndani umejaa utelezi. Akauvuta kwa mashine ya kufyonza maji, akiziba mwanya kwa kitambaa. Ukatoka uchafu unaovutika kama mlenda. Akamimina tena, maji yakatiririka.

Usipulize mpira kwa kompresa yenye nguvu, kiungo kinaweza kuachia ndani ya ukuta na hutajua mpaka rangi ianze kubanduka. Wala usimwagie koili dawa kali ya kung'arishia nguo, inakula alumini.

Mpira ukiwa safi na maji bado yanadondoka, chukua pimamaji uone kama mashine imeinama kinyume na upande wa mpira. Tazama pia kama mpira umelegea katikati ukafanya tumbo. Mteremko wa sentimita moja kwa kila mita unatosha. Doa la unyevu chini ya tundu la ukutani mara nyingi ni jasho la bomba la shaba lililochanika sponji yake nyeusi.

Gesi inakuja baadaye. Ukiona barafu kwenye koili, zima, iache iyeyuke, osha filta. Kwangu vumbi la vitambaa huiziba upesi, kwa hiyo naiosha kila baada ya wiki mbili. Barafu ikirudi na filta ni safi, hapo ndipo umwite fundi mwenye geji ya kupimia gesi. Gesi haiishi kama mafuta ya gari. Ikipungua, kuna mahali inavuja. Anayejaza bila kutafuta pavujapo anakuandalia malipo mengine.

Ndoo yangu bado ipo nje, na maji yake napigia deki, siyanywi. Mpira sasa unaning'inia shubiri moja juu ya mdomo wake.