Shangazi, kazi ya gari la shule nimepata ila leseni yake sina

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mimi ni mama wa watoto 3, niko Igoma hapa Mwanza. Mwaka jana mume wangu alipata kiharusi, tukauza bajaji, tukauza friza, mtaji wangu wa dagaa nao ukaishia hospitali. Sasa hivi anatembea na mkongojo ila kazi hawezi. Leseni daraja D ninayo miaka 4, nilikuwa naendesha pikapu ya dagaa kutoka mwaloni Kirumba. Sasa kuna mwenye shule huku Buhongwa anataka dereva mwanamke wa costa ya watoto, kasema nilete leseni daraja C1 na cheti cha PSV (mafunzo ya kuendesha gari la abiria) kazi ni yangu. Nimepiga hesabu, ada nauli leseni, kama laki 4 na nusu. Niliandika kwenye grupu la familia "ndugu zangu nina shida, naombeni chochote mtakachojaliwa", nikapata 23,500 na pole nyingi. Kikoba niliacha kwenda sababu ya aibu. Kuna watu wa mkopo wananipa laki 3 leo leo, narudisha 10,000 kila siku siku 45. Nichukue?

JIBU: Marahaba mwanangu, pole mayu, na mzee mpe pole.

Hiyo laki 3 usiiguse. Hiyo ndo kausha damu yenyewe. Piga hesabu, 10,000 mara 45 ni laki 4 na nusu, na wanaanza kudai kesho asubuhi wakati wewe hata darasani hujaingia, mshahara wa kwanza ukifika ushatakiwa kurudisha laki 3 nzima na zaidi, utazitoa wapi, si watakuja kubeba godoro?

Turudi kwenye meseji yako maana hapo ndo kuna tatizo. "Chochote" watu wanasoma wanadhani ni hela ya unga, anatuma 2,000 anaendelea na mambo yake, na mi simlaumu. Andika hivi: "Nimepata kazi ya udereva wa gari la shule, nahitaji ada ya PSV, shilingi kadhaa, kabla ya tarehe fulani, hii hapa namba ya malipo ya chuo, risiti nitaweka humu humu." Hela isipite kwako kabisa, iende chuoni. Mjomba mwenye mkono mgumu akiona namba ya chuo analegea, nimeshuhudia kwangu. Na usiombe laki 4 na nusu kwa mpigo, anza na ada tu. Leseni yenyewe ni 70,000 ya miaka 5, hiyo inakuja mwishoni, utakuwa umeshajipanga.

Mwenye shule naye mfuate. Ye ndo anakuhitaji jamani! Mwambie akulipie nusu ya ada moja kwa moja chuoni, akukate kidogo kidogo kwenye mshahara, muandikishane kwa mwenyekiti wa mtaa. Akikataa hata kukuandikia barua kwamba kazi ipo, basi hiyo kazi iangalie mara mbili.

Kikoba rudi. Aibu ya nini, mume kaumwa, hukula hela ya mtu. Vikoba vingi vina mfuko wa jamii kwa ajili ya shida kama yako, nenda siku ya kikao ukae chini uwaambie. Ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri (4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu) haina riba kweli lakini ni ya vikundi vyenye mradi, ada ya mtu mmoja haimo, iweke akiba siku ukirudi kwenye dagaa.

Atakayekwambia cheti cha PSV kinapatikana bila kusoma huyo kishoka, kimbia. Nenda VETA, au NIT wenyewe (Chuo cha Taifa cha Usafirishaji), maana LATRA, wale wasimamizi wa usafiri wa nchi kavu, nao siku hizi wanasajili na kuthibitisha madereva wa abiria, cha mkato kitakuumbua.

Kabla hujalipa hata mia, kahesabu siti za hiyo costa. C1 ni abiria 15 mpaka 30, wakizidi hapo inatakiwa C yenyewe.

Na wale wa 23,500, ukilipa tu ada watumie picha ya risiti wao kwanza.